Kadi imekataa, noti imekataliwa: kutatua matatizo ya pesa ukiwa Chennai

Watu wengi wa Afrika Mashariki wanaofika Chennai wanakwenda kutibiwa au kumuuguza mgonjwa. Ndiyo maana pesa ikikwama huko hauwi usumbufu wa msafiri tu: dawa ya jioni haiwezi kusubiri benki ya Dar es Salaam au Nairobi ifungue Jumatatu. Mwongozo huu tumeupanga kwa dalili. Tafuta kinachokusibu, soma chanzo chake, fuata hatua. Sehemu kubwa inafaa pia ukiwa Mumbai, Delhi, Hyderabad au Bengaluru, kwa kuwa sheria za fedha ni za nchi nzima.

Kwanza jambo moja, kwa sababu linaokoa kadi nyingi. Ukikataliwa, usirudie papo hapo. Jiulize aliyekataa ni nani: benki yako ya nyumbani, mashine iliyo mbele yako, au sheria ya India? Kama ni benki yako, kuhama mashine hakusaidii kitu. Kama ni mashine, kupiga simu nyumbani ni kumaliza salio bure. Na kama ni sheria, hakuna meneja wa kumbembeleza. Kilichopo ni kutafuta njia nyingine ya kulipa. Ukijaribu mara tano mfululizo bila kujua tatizo liko wapi, mitambo ya benki inaweza kuhisi kadi imeibiwa, na kadi iliyokuwa nzima ikafungwa.

ATM inakataa kadi

Soma maneno ya kwenye skrini kabla hayajapotea, au yapige picha. Ukiona "Declined by issuer" au "Contact your bank", aliyekataa ni benki yako. Ukiona "Card not supported", "Invalid card" au "Unable to process", mara nyingi tatizo ni mashine.

Tuanze na benki yako. Cha kwanza kuuliza ni kama kadi imefunguliwa kutumika nje ya nchi. Zipo benki za kwetu ambazo huacha matumizi ya nje yakiwa yamefungwa mpaka mteja aombe, na baadhi hufungua kwa tarehe ulizozitaja tu. Uliomba siku 14, matibabu yakafika wiki ya tatu, kadi ikanyamaza: hilo ni la kawaida kabisa. Ukiomba, taja nchi, taja tarehe ya kurudi kisha ongeza mwezi mzima, na taja kwamba unataka ATM, mashine za kadi na malipo ya mtandaoni, kwa sababu hivyo ni vitu vitatu tofauti kwenye mfumo wa benki.

Cha pili ni ukomo wa siku. Siku ya kadi yako huhesabiwa kwa saa za nyumbani, na India iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu. Kwa hiyo ukomo wako haufunguki saa sita usiku ya Chennai, bali saa nane na nusu usiku. Tofauti hiyohiyo inakugusa unapotaka msaada: ikiwa saa tatu asubuhi Chennai, nyumbani ni saa kumi na mbili na nusu, na tawi lako bado limefungwa. Hifadhi namba ya kituo cha huduma inayoanza na +255, +254 au +256. Namba za bure zinazoanza na 0800 hazipatikani ukiwa nje.

Sasa mashine. ATM nyingi za India hazimezi kadi yote; unaisukuma kwa mkono na nusu yake inabaki nje. Mtu aliyezoea mashine za zamani za mstari wa sumaku huichomoa mara moja. Kadi yenye chipu inatakiwa ikae mpaka mwisho. Ukiichomoa mapema muamala unafutika na skrini inaandika kitu kinachofanana na kukataliwa. Sukuma mpaka usikie imebana, iache, ichomoe skrini ikikuambia.

Halafu kiasi. ATM nyingi zinatoa rupia 10,000 tu kwa mara moja, baadhi hufika 20,000 au zaidi. Ukiomba 25,000 kwenye mashine yenye ukomo wa 10,000, utaambiwa tu kwamba haiwezekani, bila maelezo. Kabla ya kuamini kwamba kadi imekufa, omba 10,000. Ikiuliza aina ya akaunti, chagua "Savings". Kwa kadi ya mkopo chagua "Credit".

Bado inakataa? Nenda kwenye ATM ya benki nyingine kubwa, kama State Bank of India, HDFC, ICICI au Axis, na iwe ile iliyobandikwa alama ya Visa au Mastercard kulingana na kadi yako. Chagua iliyo ndani au mlangoni mwa tawi, saa za kazi. Zile za vichochoroni zisizo za benki huishiwa noti mapema na hukataa kadi za kigeni mara nyingi zaidi. Kumbuka pia kwamba benki za India hufunga Jumapili zote, na Jumamosi ya pili na ya nne ya kila mwezi.

Namba ya siri usiikisie. Kwa kawaida ukikosea mara tatu kadi inajifunga, na kuna benki ambazo haziwezi kuifungua mpaka ufike tawini mwenyewe.

Akaunti imekatwa, noti hazijatoka

Subiri dakika mbili palepale, maana mara nyingine mashine hutoa kwa kuchelewa. Usipopata kitu, chukua risiti. Ikiwa hakuna risiti, andika namba ya ATM iliyobandikwa mbele yake, jina la benki, mtaa, saa na dakika, na kiasi. Kisha lalamika kwa benki yako ya nyumbani. Tawi la Chennai halina akaunti yako na haliwezi kukurudishia chochote. Dai linapita kwa benki yako kwenda Visa au Mastercard, ndipo linapofika kwa mwenye mashine. Mara nyingi fedha hujirudisha zenyewe ndani ya siku chache, lakini fungua dai siku hiyohiyo na uombe namba ya dai. Huchukua wiki, hivyo usipange bajeti ya wodi kwa hela hiyo.

ATM imemeza kadi

Piga simu nyumbani uifunge, basi. Kadi ya benki ya kigeni iliyokamatwa na mashine huwa hairudishwi mkononi kwa urahisi, na nyingi huharibiwa. Dawa yake ni kusafiri na kadi mbili za akaunti mbili tofauti, moja ikikaa kwenye pochi na nyingine kwenye begi lililofungwa chumbani.

Hela imetoka, lakini makato ni makubwa kuliko hesabu

Kuna makato ya aina tatu, na watu huyachanganya. Benki yenye ATM inaweza kudai ada yake kwa kadi ya kigeni; ada hiyo huonyeshwa kwenye skrini kabla hujakubali. Benki yako inakata ada ya kutoa hela nje. Halafu kuna pengo la kubadilisha fedha. Mbili za kwanza hazitegemei sana kiasi unachotoa, ndiyo maana kutoa 10,000 mara moja ni nafuu kuliko kutoa 2,000 mara tano.

La tatu ndilo linalouma, na linaepukika. Mashine inakuuliza kama unataka ikukate kwa dola au kwa shilingi badala ya rupia, inakuonyesha kiwango kilicho tayari, na kitufe cha kukubali kimepambwa kiwe ndicho kinachovutia. Ukikubali, mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilisha, na huweka asilimia zake kadhaa juu. Bonyeza "Decline conversion" au "Continue without conversion". Wengi wanaogopa neno "decline" wakidhani watafuta muamala wote. Haufutiki, noti zinatoka kama kawaida, tofauti ni kwamba unakatwa kwa rupia na mtandao wa kadi yako ndio unaobadilisha. Swali hilohilo hutokea kwenye mashine ya kadi ya hoteli na hospitali. Wakati mwingine mhudumu anakujibia mwenyewe bila kukuuliza, kwa hiyo angalia risiti kabla hujaondoka: inatakiwa isomeke INR, yaani rupia.

Mashine ya kadi dukani inakataa, lakini ATM inakubali

Hapa mwenye kosa kwa kawaida ni mashine. Maduka mengi yana mashine zisizoruhusiwa kupokea kadi za nje, kwa sababu benki iliyowapa haikuwafungulia huduma hiyo. Mwenye duka mwenyewe huwa hajui; anaona nembo ya Visa juu ya mashine na anaamini inatosha. Uliza mapema, kabla mzigo haujafungwa: "International card accepted?" Akisita, lipa taslimu.

Mambo madogo mengine: kadi ya kugusisha hufanya kazi bila namba ya siri kwa malipo yasiyozidi rupia 5,000, juu ya hapo chomeka na uweke namba. Ikikataa kugusa, chomeka. Na duka likikuongezea asilimia 2 au 3 kwa sababu unalipa kwa kadi, linganisha na gharama ya kutoa hela ATM kabla ya kulalamika. Kwa manunuzi madogo noti ndiyo nafuu.

Kila mtu analipa kwa simu, wewe huwezi

Utaona muuza chai ana kibandiko cha QR na kisanduku kidogo kinachotamka kiasi kilichoingia. Huo ni UPI, mfumo ulioanza 2016, na karibu kila biashara ya Chennai unayo. Ukiuskani kwa simu yako ya nyumbani hakuna kinachotokea, kwa sababu UPI ya kawaida inataka akaunti ya benki ya India iliyounganishwa na namba ya simu. M-Pesa, Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) au Airtel Money ya kwetu haisomi QR hiyo, hata kama laini ya India uliyonunua ni ya Airtel.

Ipo pochi ya wageni inayoitwa UPI One World. Unathibitishwa kwa pasipoti na viza, unaweka hela kwa kadi au taslimu, kisha unalipa QR za wafanyabiashara. Haitumi pesa kwa mtu binafsi, hivyo dereva mwenye QR ya akaunti yake mwenyewe anaweza kushindwa kupokea. Kwa aliyekuja siku tano, usumbufu wa kujisajili hauna faida. Kwa anayemuuguza mtu mwezi mzima na kwenda duka la dawa kila siku, una faida.

Mtindo tunaouona ukizaa matatizo ni kumpa mtu uliyekutana naye kwenye hoteli ya wagonjwa noti ili akulipie kwa simu yake. Kwa chai hakuna neno. Kwa bili ya vipimo usifanye: jina kwenye risiti litakuwa lake, na marejesho yakitokea yatakwenda kwake.

Malipo ya mtandaoni hayakamiliki

Unaingiza namba za kadi, ukurasa unazunguka, kisha "Payment failed". Chanzo cha kwanza ni ujumbe wa namba ya uthibitisho, ule wa tarakimu sita, ambao benki yako imeutuma kwenye laini ya nyumbani. Kama laini hiyo haina roming, ujumbe haufiki. Roming iwashwe kabla ya kupanda ndege, na laini ya nyumbani ibaki ndani ya simu. Ya India iweke kwenye nafasi ya pili. Kupokea ujumbe mfupi ukiwa nje kwa kawaida hakuna gharama, ila zima data ya laini ya nyumbani, maana hiyo ndiyo inayomaliza salio. Kama benki yako inaweza kuthibitisha ndani ya programu yake au kwa barua pepe, hamia huko kabla ya safari.

Chanzo cha pili: tovuti na programu nyingi za India zimetengenezwa kwa kadi za ndani na hazipokei za nje hata ufanye nini. Kwenye Uber na Ola chagua kulipa taslimu na ushike noti ndogo. Tiketi ya treni ikikataa kadi, nenda dirishani kituoni ukiwa na pasipoti. Kadi ya mtandaoni tu, kama ile ya M-Pesa ya Kenya inayopitia Visa, inaweza kusaidia kwenye tovuti za kimataifa, lakini haina plastiki ya kuchomeka, hivyo usiitegemee ATM wala kwenye mashine ya hospitali.

Dereva hana chenji, au noti inakataliwa

ATM hupenda kutoa noti za 500. Dereva wa bajaji kwa safari ya rupia 120 atakwambia hana chenji, na mara nyingi ni kweli. Omba kiasi kisichogawanyika kwa 500: badala ya 5,000 omba 4,900, mashine italazimika kutoa noti za 100 au 200 kama inazo. Benki Kuu ya India, RBI, iliziagiza benki mwaka 2025 zihakikishe ATM nyingi zinatoa noti za 100 au 200, kwa hiyo hila hii inazidi kufanya kazi. Noti ya 500 ivunje kwenye duka la dawa, supamaketi au kituo cha mafuta, na za 10, 20, 50 uziweke mfuko wa peke yake.

Noti ya 2,000 usiipokee kwa mtu yeyote. RBI iliitoa kwenye mzunguko Mei 2023. Kisheria bado ni fedha halali, lakini hakuna duka litakaloichukua na kuibadilisha kunahitaji ofisi za RBI zenyewe. Noti za 500 na 1,000 za zamani, zilizofutwa Novemba 2016, hazina thamani kabisa. Hizi hutokea kwa watu waliorithi bahasha ya ndugu aliyesafiri miaka ya nyuma, hivyo ukipewa rupia nyumbani zikague kabla ya kuzihesabu kwenye bajeti.

Noti ya 500 inayotumika ni ya kijivu, nyuma ina picha ya ngome ya Red Fort. Inamishe: uzi wake wa usalama unabadilika kutoka kijani kuwa bluu. Pembeni, kushoto na kulia, kuna mistari mitano iliyoinuka ambayo kidole kinaihisi. Soma na jina la benki, kwa sababu kuna noti za mchezo zinazofanana sana kwa rangi, ambazo badala ya "Reserve Bank of India" zimeandikwa jina la benki ya kubuni. Gizani, ndani ya bajaji, ni rahisi kupokea moja kama chenji.

Noti iliyochanika muuzaji ana kawaida ya kuikataa, nawe ikatae vilevile inapotoka kwake. Ukishabaki nayo, tawi lolote la benki hubadilisha noti chakavu kwa kanuni za RBI. Sarafu ya rupia 10 ni kisa kingine: kwa miaka mingi Chennai na kwingineko watu wameikataa kwa uvumi kwamba ni bandia, ingawa RBI imesema wazi kwamba miundo yote 14 ni halali. Usigombane na mwenye duka. Itumie kwenye tiketi ya basi au treni.

Duka la kubadili fedha linakataa dola zako, au bei ni ya chini

Shilingi za Tanzania, Kenya na Uganda ziache nyumbani. Hata ukipata wa kuzichukua, utapoteza sehemu kubwa. Beba dola za Marekani, noti za 100 na 50, za toleo jipya lenye picha kubwa, zisizo na mhuri, maandishi ya kalamu wala mpasuko. Noti ndogo na za matoleo ya zamani hupewa kiwango cha chini au kukataliwa.

Uwanja wa ndege badilisha kiasi cha teksi na chakula cha siku ya kwanza tu, dola 50 hivi. Mjini, maeneo ya Greams Road na T. Nagar yana maduka yanayoshindana. Uliza swali moja: nikikupa dola 100 napata rupia ngapi mkononi, baada ya kodi na ada zote? Kiwango kilichoandikwa ubaoni hakijibu swali hilo.

Chagua duka lenye leseni ya RBI, toa pasipoti, na udai cheti cha kubadili fedha, kile wanachokiita "encashment certificate". Anayekupa bei nzuri barabarani bila karatasi anakuachia matatizo mawili: noti usizojua zilikotoka, na ugumu wa kurudisha rupia kuwa dola siku ya kuondoka.

Kwa kanuni za RBI, duka lenye leseni linampa mgeni rupia taslimu kwa thamani isiyozidi dola 3,000, na alizobadilisha ndani ya mwezi mmoja huhesabiwa pamoja. Kinachozidi hulipwa kwa hundi au kupitia benki, na wewe huna akaunti India. Ukiona keshia anakataa dola 6,000 zako, hakuchukii. Anafuata kanuni hiyo. Vilevile ukiingia India na noti za kigeni zinazozidi dola 5,000, unapaswa kujaza fomu ya tamko kwa forodha uwanjani. Itunze hiyo fomu. Na wakati wa kutoka nyumbani, Tanzania na Kenya zote zinataka utamke ukibeba kuanzia dola 10,000.

Hospitali imekataa pesa taslimu

Hili ndilo linalowashtua watu kuliko yote. Familia imechanga, imebadilisha, imebeba bahasha mpaka dirishani, na keshia anasema hapana. Chanzo ni sheria ya kodi ya mapato inayotumika tangu Aprili 2017: hakuna anayeruhusiwa kupokea taslimu rupia 200,000 au zaidi kutoka kwa mtu mmoja kwa siku moja, wala kwa muamala mmoja, wala kwa jambo moja. Adhabu yake ni kiasi kilekile kilichopokelewa, na inamwangukia aliyepokea. Kwa hiyo kugawa bili ya upasuaji kwa siku tatu hakusaidii, kwa kuwa kulazwa kumoja ni jambo moja. Usimlaumu keshia wala usimpe mtu wa kati "akupitishie".

Kwanza hakikisha unaisoma bili sawasawa. India mkato huwekwa baada ya elfu, kisha kila tarakimu mbili: 4,50,000 ni laki nne na nusu, yaani 450,000. Tumeona watu wakisoma 12,00,000 kama elfu kumi na mbili na kitu, wakatuma pesa pungufu. Ni milioni moja na laki mbili.

Pesa ya matibabu itume kutoka benki ya nyumbani moja kwa moja kwenda akaunti ya hospitali, kwa SWIFT (mtandao wa benki wa malipo ya kimataifa), kabla mgonjwa hajasafiri. Dawati la wagonjwa wa kigeni litakupa jina kamili la akaunti, namba, benki, tawi na namba ya SWIFT. Vitu vya kuchunga ni hivi:

- Jina la akaunti liwe la hospitali. Likiwa la mtu binafsi au la wakala, simama kwanza, piga simu hospitalini kwa namba ya kwenye tovuti yao.
- Kwenye nafasi ya maelezo andika jina la mgonjwa kama lilivyo kwenye pasipoti, namba yake ya usajili hospitalini, na kwamba ni malipo ya matibabu. Pesa isiyo na maelezo haya inafika, lakini inakaa bila mwenyewe huku wodini wakikwambia hawajaona kitu.
- Makato ya benki za katikati chagua yalipwe na mtumaji. Ukichagua kugawana, unatuma dola 5,000 na hospitali inaona pungufu.
- Omba nakala ya hati ya SWIFT, ambayo wengi bado huiita MT103. Hiyo ndiyo hati inayoonyesha fedha zimetoka, zimepita wapi. Tuma nakala kwa dawati la wagonjwa wa kigeni.

Ruhusu siku 3 hadi 5 za kazi, na uondoe Jumapili na sikukuu za nchi zote mbili. Pesa ikichelewa, mfanyakazi wa uhasibu akiwa na MT103 mkononi anaweza kuitafuta; akiwa na picha ya risiti ya tawi lako tu, hawezi.

Kadi ni njia ya pili. Piga simu benki upandishe ukomo wa malipo ya mashine, ambao huwa tofauti na ule wa ATM, na uliza hospitali kama wanaongeza asilimia kwa kadi ya nje. Taslimu iachie dawa, vipimo vidogo, chakula na usafiri.

Kuhusu amana: hospitali ikibaki na salio lako baada ya ruhusa, mara nyingi hulirudisha kulekule lilikotoka, kwenye akaunti ya aliyetuma, wala si noti mkononi. Jumuiya ya wachangaji ikubaliane mapema akaunti gani itatumika kutuma, maana hiyo ndiyo itakayopokea.

Ndugu ametuma kwa Western Union au mfano wake, hupewi

Chanzo cha kwanza ni jina. Nyumbani unajulikana kwa majina mawili, pasipoti ina matatu, na aliyetuma ameandika lile la ukoo mwanzoni. Mtumie ndugu yako picha ya ukurasa wa pasipoti kabla hajaenda dirishani. Jina likishakosewa, anayeweza kulisahihisha ni yeye aliyetuma, kwa wakala wake.

Chanzo cha pili ni ukomo. Kwa njia hii India inaruhusu kisichozidi dola 2,500 kwa mara moja na mara 30 kwa mwaka kwa mpokeaji mmoja. Taslimu ya kawaida ni mpaka rupia 50,000. Zaidi ya hapo hulipwa benki, isipokuwa kwa mtalii wa kigeni ambapo wakala anaweza kukubali kutoa zaidi. Wengi hawakubali. Kwa hiyo pesa ya matumizi ije kwa mafungu yasiyozidi thamani ya rupia 50,000. Nenda na pasipoti yenyewe, viza na namba ya muamala, mchana wa siku ya kazi.

Rupia zimebaki na ndege ni kesho

Ukiwa na cheti cha kubadili fedha, duka lenye leseni au dirisha la uwanjani hukubadilishia kurudi kwenye dola. Bila cheti, kanuni inawaruhusu kukubadilishia mpaka rupia 10,000 kwa hiari yao, ukionyesha pasipoti na tiketi ya safari ya ndani ya siku saba. Fanya hivyo mjini siku moja kabla, kwa sababu bei ya uwanjani ni mbaya na dirisha laweza kuwa limeishiwa dola. Bakiza za teksi na chai. Risiti za ATM, nakala ya MT103 na stakabadhi za hospitali usizitupe mpaka kila dai na kila salio lililobaki viwe vimeingia kwenye akaunti.